Chupa Kumi na Mbili



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike habari za safari zetu za baiskeli. Wamesema kila mwaka huchapishwa picha za harusi, za waliohitimu na za waliokwenda Hija, na sisi wapanda baiskeli tumekuwa tukiwekwa pembeni mwa ukurasa, tena vichwa vimekatwa. Nimekubali, lakini si kwa ajili ya picha. Nimekubali kwa sababu mwaka juzi niliondoka Clapham Common hapa London nikiwa na akili zangu timamu, nikafika Brighton simtambui mjukuu wangu. Na kilichokuwa karibu kuniua hakikuwa gari, wala mlima, wala uzee. Kilikuwa maji ya kunywa.

Wengi wenu mnanijua. Nimesomesha hesabu zaidi ya miaka thelathini, na nilipostaafu daktari aliniambia maneno mawili: presha na kitambi. Mpwa wangu akaninunulia baiskeli. Sikuwa mgeni wa baiskeli. Sisi watu wa Makunduchi tulikua nayo, na marehemu baba yangu alikuwa na Raleigh nyeusi aliyokuwa akienda nayo Mjini, mwendo wa maili zipatazo arubaini, na mzigo wa pweza mkavu kwenye keria. Njiani alichukua muhogo wa kuchoma, achari ya ndimu ndani ya kikopo, na chupa moja ya maji. Akichoka hukaa kwa jamaa, akaanguliwa dafu, akazungumza kidogo, akaendelea. Hakupata kusikia neno glaikojeni wala sodiamu, wala sikumbuki kusikia kuwa alianguka njiani hata siku moja. Mimi niliyekaa chuoni mpaka nikahitimu, kisha nikasoma sekondari na zaidi, ndiye niliyeanguka mara mbili.

Njia tunayoipenda hapa ni ile ya London hadi Brighton, maili 54, yaani kilomita 87. Ndiyo njia inayofuatwa kila Juni na msafara mkubwa wa kuchangia British Heart Foundation, lakini sisi hatungojei msafara. Tunajikusanya jamaa saba au wanane siku ya Jumapili baada ya alfajiri, tunapita Carshalton na Turners Hill, na mwisho tunaukabili mlima wa Ditchling Beacon. Kilele chake ni mita 248 tu juu ya bahari, na mtu wa Kilimanjaro atacheka. Lakini barabara yake ni ya mwinuko mkali karibu maili nzima, na unaukuta wakati miguu imeshakwisha kufanya kazi ya siku.

Hapo Ditchling ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Asubuhi ile nilikula yai moja na chai isiyo na sukari, kwa sababu nilitaka kitambi kipungue upesi. Njiani sikula kitu. Nilipofika nusu ya mlima, miguu ilikataa kwa ghafla, kama mtu aliyezimiwa taa. Mikono ikatetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikawa na hasira zisizo na sababu hata nikamgombeza kijana aliyekuja kunishika baiskeli. Nikakaa kwenye majani. Mke wa mpwa wangu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikuwa na halua mkobani, akanipa vipande viwili. Haikupita robo saa nikasimama, nikaomba radhi kwa yule kijana, nikaumaliza mlima kwa kuisukuma baiskeli.

Sasa tazameni makosa yalivyozaliwa. Habari ilifika nyumbani kabla yangu, na kutoka nyumbani ikafika Maskati, Dubai na Toronto. Simu zikaanza. Kila aliyepiga alikuwa na neno moja: "Mwalimu, hukunywa maji ya kutosha." Hapana hata mmoja aliyeuliza nimekula nini. Na mimi, badala ya kutumia akili, nikaamini, kwa kuwa waliosema walikuwa wengi.

Kwa hakika ilikuwa njaa, na maelezo yake ni mepesi. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi, nyingi katika misuli na gramu zipatazo 100 katika ini. Misuli hula akiba yake yenyewe. Ini ndilo linaloilisha damu, na damu ndiyo inayoulisha ubongo. Usiku kucha mtu amelala, ini linatoa tu bila kupokea. Kwa hiyo alfajiri akiba yake imeshapungua sana. Ukipanda baiskeli kwa yai moja, ukaenda saa tatu nne bila ya kula, sukari ya damu hushuka, na ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Zile hasira na yale matetemeko ni ubongo unaoomba chakula. Maji hayamo kabisa katika hadithi hiyo.

Mwaka uliofuata nikajitayarisha kama mwanafunzi aliyefeli. Nilinunua chupa mbili za robo tatu ya lita kila moja, na daftari dogo la mfukoni. Kila nikimaliza chupa natia alama. Kila tukisimama, kwenye duka, kwenye kituo cha petroli, msikitini, najaza tena. Siku ile ilikuwa ya manyunyu na baridi, digrii kumi na tano hivi, na mwendo wetu ni wa kizee. Tulikuwa njiani saa tisa nzima pamoja na mapumziko. Nilikunywa chupa kumi na mbili. Pigeni hesabu wenyewe: lita tisa za maji matupu, siku ambayo jasho lilikuwa haba.

Kabla ya adhuhuri pete ilinibana kidoleni. Nikaiona, nikapuuza. Baadaye kichwa kikaanza kuuma na kichefuchefu kikanijia. Chini ya Ditchling nikatapika, na jamaa zangu wakanihurumia kwa namna wanayoijua: "Mjomba, kunywa maji." Nikanywa. Nilipofika pwani ya Brighton, mjukuu wangu wa kike akaja mbio kunipokea, nami nikamwita kwa jina la dada yangu aliyefariki zamani. Akacheka, akadhani namtania. Nikamwita tena. Akaniuliza, "Babu, unaniita nani?" Wanasema hapo nikaanza kumsomesha jedwali la saba, nikafika saba mara nne, nikarudi mwanzo, nikafika tena saba mara nne. Mtoto huyo, wakati huo wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyewaambia wakubwa: "Babu si mchovu. Babu anaumwa." Wakubwa walikuwa wanataka kunilaza kwenye gari nipumzike. Lau wangenilaza, sijui kama makala haya yangeandikwa.

Hospitali walinipima damu. Sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayoshika kipimo cha maji mwilini, inatakiwa iwe baina ya 135 na 145. Yangu ilikuwa 122. Daktari kijana akaomba kuliona daftari langu, akahesabu alama, akaniwekea maji ya chumvi kali kwenye mshipa, kidogo kidogo na kwa kipimo. Mke wangu akakumbuka kwamba asubuhi nilipanda mzani nikawa kilo 81. Pale hospitali nilikuwa kilo 83. Mtu amepanda baiskeli maili hamsini na nne akaongeza uzito! Hapo hata mwanafunzi wa darasa la nne angejua kuna kosa katika hesabu.

Daktari alinieleza hivi. Mtu akiwa katika kazi ndefu ya mwili, mwili wenyewe hutoa homoni inayoyazuia mafigo yasitoe mkojo mwingi. Hiyo ni hekima ya Muumba kwa mtu aliyeko jangwani. Lakini kwa mtu anayejimiminia maji bila ya kiu, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Chumvi ya damu inazimuliwa kama mchuzi uliozidishwa maji. Kisha maji yanaingia ndani ya chembe za mwili, zinavimba. Kidole kikivimba, pete inabana, basi. Ubongo ukivimba, umo ndani ya fuvu la mfupa, hauna pa kwenda. Mtu huanza kuchanganyikiwa, akafuatia kupata degedege, na wako waliokufa. Tena mimi nilikuwa namsaidia adui kwa mkono wangu: kidonge changu cha presha kilikuwa cha aina ya kukojoza, ambayo hutoa chumvi mwilini na inajulikana kwa kushusha sodiamu. Nilikaa huko siku mbili, na nilipotoka kidonge kilikuwa kimebadilishwa.

Baada ya kupona nilisoma sana, kwa kuwa mwalimu hakubali kufeli mara mbili bila ya kuuona mtihani. Nikagundua kwamba kosa langu ni la zama zetu, na kosa la zama za baba zetu lilikuwa kinyume chake. Zamani mabingwa wa baiskeli walinyimwa maji. Katika Tour de France ya miaka ya sitini mpanda baiskeli aliruhusiwa chupa nne tu kwa siku ya mbio, lita mbili hivi, katika jua la Ufaransa la mwezi wa Julai. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka katika mlima Mont Ventoux akafa. Walimkuta na dawa za kuchangamsha na pombe, nazo zilifanya kazi yao ovu, lakini joto na ukavu wa mwili navyo vilikuwamo. Baadaye mambo yakageuka, watu wakaambiwa wanywe na wanywe, wasingoje kiu. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 wataalamu waliwapima damu wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 kati yao sodiamu ilikuwa imeshuka chini ya kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Walioongezeka uzito njiani, na waliokwenda polepole zaidi ya saa nne, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Nilipoyasoma hayo nikajiona mimi mwenyewe: mzee mwenye mwendo wa kobe, chupa mkononi.

Basi sasa tunafanyaje? Nitaeleza tunavyofanya sisi.

Kwanza ni mzani, na mzani ni wa bei rahisi kuliko chupa za maduka ya baiskeli. Jipime kabla ya kutoka na baada ya kurudi, bila ya nguo zilizoloa. Kilo moja ni sawa na lita moja ya maji. Tuseme mmoja wenu ameondoka kilo 74, amekunywa lita mbili, amerudi kilo 73. Tukiacha habari ya mkojo, jasho lake ni lita tatu. Kama alikuwa njiani saa nne, basi anatoka jasho robo tatu ya lita kwa saa katika hali ya hewa ya siku ile. Si lazima arudishe yote. Kupungua mpaka asilimia mbili, yaani kilo moja na nusu kwa mtu huyo, si jambo la kutisha. Kuongezeka ndiko kusikotakiwa hata kwa nusu kilo. Mjukuu wangu huandika namba hizi, na kwa daftari lake najua kwamba mimi siku ya baridi sihitaji hata chupa moja kwa saa.

Kunyweni kwa kiu, kwa mafundo madogo. Sisi wazee tuongeze uangalifu, kwani kadiri umri unavyokwenda kiu hupungua makali, na mzee anaweza kukauka bila ya kuhisi. Kwa hiyo mimi hufunda fundo mbili tatu kila robo saa, halafu mzani ndio unaonihukumu.

Pili ni kula, na hapa ndipo jamaa zetu wanapodharau. Safari ikipita saa moja na nusu, mwili unataka gramu 30 mpaka 60 za wanga au sukari kwa saa, na uanze mapema, kabla saa ya kwanza haijesha, si unapoanza kutetemeka. Vijana hununua vijaluba vya uji mtamu kwa bei ya kilo ya mchele. Lakini tende moja kubwa ya Medjool ina gramu 16 mpaka 18. Mbili au tatu kwa saa zinatosha. Ndizi ya kiasi ina gramu 27 hivi. Tena tende ina aina mbili za sukari karibu sawa kwa sawa, glukosi na fruktosi, na kila moja ina mlango wake wa kupitia katika utumbo. Ndiyo sababu washindani wanaochanganya aina hizo mbili huweza kufika gramu 90 kwa saa bila ya tumbo kuchafuka. Sisi hatushindani na mtu. Kashata za njugu ni nzuri siku ya baridi. Siku ya joto sukari yake huyayuka mfukoni, na mke wangu ameshanipiga marufuku. Halua nimeiweka kuwa ya dharura, kwa heshima yake.

Tatu ni chumvi. Jasho la watu wengi hutoa karibu gramu moja ya sodiamu kwa lita, wengine nusu yake, wengine zaidi. Ukiona fulana nyeusi imeota michirizi myeupe ikikauka, wewe ni katika wenye jasho la chumvi. Kinywaji chetu cha nyumbani ni hiki: lita moja ya maji, vijiko vya chai kumi na tano vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chumvi, na ndimu moja. Inakuwa na sukari gramu 60 hivi. Msizidishe sukari mkidhani ni nguvu. Kinywaji kitamu mno hukaa tumboni na kuvuta maji badala ya kuyatoa. Na kwa nini sukari na chumvi pamoja? Kwa sababu katika ukuta wa utumbo vitu hivi viwili hupita vimeshikana mikono, na maji huwafuata. Jambo hilo lilikwisha julikana tangu miaka ya sitini, na mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis alilitumia katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, wakati wa vita vya Bangladesh. Dripu zilikuwa zimekwisha na kipindupindu kinaua watu. Akawapa jamaa za wagonjwa maji ya sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka chini ya asilimia 4. Kila nikichanganya chupa yangu humkumbuka bwana huyo.

Lakini asinielewe mtu vibaya: chumvi kwenye chupa haikupi ruhusa ya kunywa chupa kumi na mbili. Ukizidisha kunywa, hata kinywaji cha chumvi kinaizimua damu, kwa kuwa chumvi yake ni chache kuliko ya damu. Na dafu, tunalolipenda sote, lina potasiamu kwa wingi lakini chumvi ya jasho halifidii. Ndiyo maana nadhani ile achari ya baba haikuwa bure. Wenye maradhi ya moyo au mafigo, na wenye presha, waulize daktari kwanza kabla ya kufuata kipimo changu cha chumvi.

Wenye kisukari katika ukoo wetu si wachache, na hao nawasemesha peke yao. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, ajipime kabla ya kupanda na achukue sukari mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye mkoba wa mwenzake aliye maili mbili mbele. Sukari inaweza kushuka hata usiku baada ya safari. Awaambie anaofuatana nao. Tuna tabia ya kuficha maradhi, na barabarani si mahali pa kuficha.

Ndugu zetu wa Oman hesabu yao ni nyingine. Huko jasho ni jingi hasa, na hatari ya kukauka na ya joto ni ya kweli kuliko ya kuzidisha maji. Mwaka 2015 hata mashindano ya Tour of Oman siku moja ya mbio ilifutwa kwa joto kali na upepo wa mchanga, na hiyo ilikuwa Februari. Binamu yangu wa Maskati hutoka mara baada ya swala ya alfajiri na kurudi kabla jua halijapata nguvu, na chupa zake huzigandisha usiku. Anafanya sawa. Nilipomtumia habari yangu ya chupa kumi na mbili alinijibu kwamba kwake hiyo ni wiki moja tu. Nikamwambia ajipime kwanza ndipo ajisifu.

Mwezi wa Ramadhani sisi hatuendi Brighton. Anayependa hupanda saa moja ya mwendo laini kabla ya magharibi, akafika nyumbani adhana inapigwa, tende na maji viko mezani. Vijana wawili walijaribu maili thelathini mchana wa saumu. Nimeahidi kutowataja, na mama zao wameshawashughulikia.

Safari ijayo, Inshaallah, ni Jumapili ya pili ya Juni. Mpwa wangu atakuja na pampu na mipira ya akiba. Nyumba yangu italeta tende kilo mbili, ndizi, na chumvi katika kijaluba. Mjukuu wangu ameshatimiza miaka kumi na tatu, na safari hii anapanda baiskeli yake mwenyewe kutoka Turners Hill. Daftari litakuwa kwake. Ameniarifu kwamba kila kituo ataniuliza saba mara nane, na nikikosea ananipokonya chupa.